Siku Niliyofunga Bomba

Hapa nitaonekana mjinga, nyie chekeni tu. Juzi zahanati, hapa Tunduma, nesi alitueleza kwamba sumu ya vijidudu vya kipindupindu inaulazimisha utumbo umwage maji ya mwili. Nikakumbuka mchana ule, chumba kinanuka, mdogo wangu Neema anaharisha maji kama ya kuoshea mchele. Mama alikimbia kutafuta baiskeli ya kumpeleka hospitali, akaniachia jagi la maji ya chumvi na sukari nimnyweshe. Nikawaza, tangi linavuja, halafu unaongeza maji? Nikayamwaga yote nje.

"Kaka, maji," Neema alinong'ona.

"Tulia, nafunga bomba."

Kweli kuharisha kulikoma, nikajiona daktari.

Baada ya mazishi mama alinishika kichwa. "Jagi nililikuta tupu, mwanangu. Wewe ulijitahidi."