Kiuno cha Severini

Nichekeni taratibu, maana mwenyewe nimeshalia. Nilirudi kutoka Morogoro na cheti cha wiki mbili cha mazoezi ya kurekebisha viungo, nikawa siwezi kusalimiana na mtu kabla sijampima mabega. Severini, mshambuliaji wa timu ninayoifundisha ya Viwanja Sitini, nilimpima uwanjani akiwa na katambuga zake miguuni, maana pale mbigili ni nyingi. Lo, kiuno kimelalia kushoto! Nikamwamuru asimame kwa mguu mmoja kila asubuhi na jioni, nikamwondoa kwenye safari ya Kidatu, ambako timu ya mashamba ya miwa ilikuwa inatafuta mchezaji wa kumwajiri. Kazi akapata mwenzake.

Jana Severini alikuja nyumbani. Akavua katambuga mlangoni, akaingia, akamwamkia mama yangu. Amenyooka kama mlingoti!

"Mama, umeona kazi yangu?" nikajisifu.

Mama alikuwa ameziokota zile katambuga ili mvua isizilowanishe. Akazigeuza. "Mwanangu, hii ya kulia imekatwa kwenye tairi la lori. Ya kushoto ni ya gari dogo, tena tairi lililokwisha."

Severini akanitazama. "Kwa hiyo mwalimu, Kidatu naenda lini?"