Nyati Ndani ya Lori

Ibtihal alikuwa akitunga mafumbo ya picha ya watoto wa chekechea mjini Basra. Lile la kinamasi ndilo alilojivunia zaidi: mtoto anaburuta samaki, ndege na nyati wa kufugwa kwa kidole, kila mmoja hadi makao yake. Akikosea, kishikwambi kinacheka. Kicheko kile alikirekodi mwenyewe.

Akaenda kulijaribu Chibayish, mji wa kinamasini, kwenye darasa la Mwalimu Jasiba. Mtoto mmoja, Wabriya, akamburuta nyati hadi kwenye lori lililochorwa barabarani kama pambo tu. Kishikwambi kikacheka. Akarudia, kikacheka tena, na darasa zima likadakia kicheko.

"Nyati anakaa majini, mwanangu," Ibtihal akamwambia. "Hebu jaribu tena."

"Wetu walipakiwa kwenye lori," Wabriya akajibu. "Maji yaliisha. Baba akawauza."

Wenzake wakaacha kucheka.

"Nyati wamebaki wawili tu mtaa mzima, dada," Mwalimu Jasiba akasema polepole. "Hukuuliza."

Uso ukamwaka moto Ibtihal. "Ni mashine tu inayocheka hivyo," akababaika. "Haijui kitu."

Wabriya akamkazia macho. "Mbona ni sauti yako, shangazi?"

Mtoto akaficha mikono chini ya dawati, wala hakukigusa tena kile kishikwambi. Chai aliyoandaliwa Ibtihal ikampoa mkononi. Njia nzima ya kurudi Basra alijiona mdogo kuliko wale watoto, na kilichomuuma zaidi si kosa, ni ule uongo.

Mkuu wake, Ustadhi Ghazwan, hakuona tatizo. "Watoto wanapenda vichekesho, Ibtihal. Usijitese." Lakini Ibtihal alikifuta kicheko, akalifanya lori limpokee yeyote atakayeletwa.

Aliporudi Chibayish alianza kwa Wabriya, akachuchumaa mbele yake. "Ilikuwa sauti yangu. Nilidanganya. Nisamehe."

"Haya," mtoto akasema, akanyoosha mkono achukue kishikwambi.

Akampakia nyati. Lori likakubali. Akapakia samaki, ndege, mtumbwi, na bibi aliyechorwa akioka mkate mlangoni. Kinamasi kikabaki kitupu.

"Nimemaliza," akasema, akamrudishia kishikwambi.

Mwalimu Jasiba alikuwa akitazama. Ibtihal akakipokea kwa mikono miwili, asijue macho yake ayapeleke wapi.