Kapiteni Aliyekanyaga Pedali Bila Kwenda

Krrr, krrr, krrr, nyuma ya nyumba, usiku wa manane. Baba wa mtoto yuko kazini mbali, Nizi, niko peke yangu, na hapa mtaani Bigo tumezoea kulala na viatu karibu, tayari kukimbia. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikashika mwiko wa bugali, nikachungulia.

Alikuwa jirani yetu, kapiteni wa timu ya baiskeli. Alikuwa ameinua gurudumu la nyuma juu ya matofali, lizunguke hewani, naye anakanyaga pedali, jasho linamtoka, hasogei hata hatua.

"Weye! Karibu nikupige!"

"Na mwiko, mama?" Alicheka, kisha akashusha sauti. "Wenzangu wanazani kila asubuhi naenda mazoezi njia ya Nyankunde. Tangu watu wa bunduki walipiga masasi kule, siwezi kupita bariyeri ya askari. Na dimanche, siku ya kanisa, siye wote tunaenda, miye mbele. Usiwaambie, mama. Kama kapiteni iko naogopa, nani atatoka?"

"Miye naogopa hata panya," nikamwambia. "Sitasema."

Dimanche nilisimama njiani na mtoto. Walipita, yeye mbele, anakanyaga, na safari hii anasogea. Sikula siku ile. Jioni walirudi wote, vumbi mpaka kwenye kope, naye alipofika mbele ya mlango wangu akapiga kengele mara mbili.

Jina lake sikuandika. Wiki nzima nilijiuma ulimi, nikashindwa, nimewaambia ninyi wasomaji tu. Haki ya mtoto huyu wa mgongoni, simwambii mtu mwingine.