Sauti ya yaya kwenye filamu

Jamani, leo Kiswahili kimeniliza hapa Guangzhou.

Niliacha mizigo ya nguo za biashara mtaa wa Xiaobei, nikaenda makumbusho ya jamii ya Wayahudi kutazama filamu.

Mzee mmoja Myahudi alituonyesha filamu ya utoto wake Arusha. Yaya amembeba mgongoni, anambembeleza kwa Kiswahili.

"Kiswahili nilishasahau," mzee akasema. "Sijui alikuwa ananiambia nini."

Ukumbi mzima, anayekijua nilikuwa mimi tu. Nikanyoosha mkono.

"Anasema, nyamaza baba, mama atapona, mimi nipo."

Mzee akamtazama tena yaya kwenye filamu.

"Mama hakupona," akasema. "Lakini yeye alikuwepo."

Marehemu bibi yangu wa Moshi naye aliniita hivyo hivyo, baba. Siku hizi hakuna anayeniita hivyo.

Wewe alikubembeleza nani? Mtaje hapa.