Filamu Iliyompigisha Magoti Mama Mikate

Mtaani walimwita Mama Mikate, na jina hilo hakupewa bure. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na tanuri la matofali, na mikono yake ilijaa makovu ya kuungua hadi kwenye viwiko. Sauti yake mteja aliisikia kabla hajakata kona. Alikuwa mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kuwaka. Lakini hasira aliyotoka nayo kwenye ukumbi wa sinema siku ile, hata binti yake wa pekee alikuwa hajawahi kuiona.

Binti huyo alikuwa mwalimu wa sekondari, na maishani mwake alikuwa ameandika riwaya moja tu. Ilikuwa habari ya mama yake. Mama mwenyewe ndiye aliyemsimulia, huku anakanda unga: jinsi mumewe alivyokuwa akimpiga, na jinsi alivyouza tanuri lake la kwanza wakati yeye yuko hospitali anajifungua. Alirudi nyumbani na kichanga mikononi, akakuta uwanja umefagiliwa na alama nyeusi ukutani pale moto ulipokuwa ukilamba. Hakuuliza neno. Aligeuka na mtoto wake, akaondoka, na hakurudi tena.

"Mimi usinipambe," alimwambia binti yake. "Na yeye usimsafishe. Andika ilivyokuwa."

Binti akaandika ilivyokuwa. Kitabu kilipendwa, wakaja watu wa filamu wakakitaka, mkataba ukasainiwa, na nyumba nzima ikajaa vicheko. Mama Mikate alishonesha gauni jipya kwa ajili ya onyesho la kwanza. Alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani, kama mama wa bwana harusi.

Mwanzoni alifurahi. Mwigizaji alikanda unga vibaya sana, lakini alimsamehe. Kisha mambo yakaanza kwenda upande. Kwenye filamu, mume hakuuza tanuri. Alilaghaiwa na rafiki yake, maskini wa Mungu, akabaki analia mvuani. Mke akamshuku bila sababu, akakimbia na mtoto. Mume akahangaika huku na huko, akalikomboa tanuri, akamfuata mkewe. Na mwisho kabisa, muziki ukipanda, yule mwanamke akapiga magoti mbele ya mumewe na kusema, "Nisamehe, nilikosa subira."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Watu walifuta machozi. Mama Mikate akasimama.

"Nani kapiga magoti?"

"Mama, kaa," binti alimnong'oneza, akimvuta gauni.

"Sikai! Nauliza, nani kapiga magoti?"

Walimtoa nje kwa upole. Barazani alimkuta mwongozaji wa filamu, kijana mwenye tabasamu lisilozimika, anapokea pongezi.

"Mama, usikasirike," alisema. "Kitabu ni kitabu, filamu ni filamu. Lazima tubadilishe. Watazamaji wanataka kurudi nyumbani na matumaini."

"Ungefupisha, ningeelewa," Mama Mikate alimwambia. "Ungeniweka mwembamba, mwenye meno yote, ningekushukuru. Ungeniweka hata kwenye ghorofa. Lakini niliamka siku moja nikaamua sipigwi tena, na hilo ndilo lililoniweka hai mpaka leo. Wewe umelichukua hilo hilo ukalifanya kosa langu. Halafu unaniambia matumaini! Matumaini ya nani?"

Kijana akageukia wengine waliokuwa wakimpongeza.

Njiani kurudi nyumbani, hasira ilihamia kwa binti.

"Mkataba ulisema wana ruhusa ya kurekebisha," binti alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani ni kupunguza kurasa tu."

"Ulidhani."

Neno hilo moja tu. Tangu hapo walikaa nyumba moja wakipishana mlangoni kama wapangaji.

Kazini nako hakukukalika. Filamu ilienea, na wateja wakaja na midomo yao. Mmoja, mwanamke wa jirani, alipokea mkate wake akasema kwa huruma, "Kumbe ulimrudia! Una moyo, dada. Mimi nisingeweza kumpigia mtu magoti."

"Rudisha mkate," Mama Mikate alisema.

"Eti?"

"Rudisha mkate wangu, ukale filamu!"

Halafu likaja lililokuwa baya kuliko yote. Jioni moja mume wa zamani alitokea uani akiwa na kaka yake, wote wamenyoa vizuri na kuvaa mashati yaliyopigwa pasi. Kaka ndiye aliyeanza.

"Shemeji, tumeiona ile filamu. Tumelia. Tukasema, kama mambo yenyewe yalikuwa vile, watu wazima hawashindwi kukaa pamoja wakayamaliza."

"Hata wewe umeona mwisho ulivyopendeza," mume aliongeza.

Mama Mikate aliweka chini koleo la tanuri polepole, maana hakujiamini nalo.

"Huyo aliyepiga magoti anakaa kwenye ukuta wa ukumbi wa sinema. Mfuateni huko. Sasa wewe nijibu. Tanuri langu aliuza nani?"

"Si yule rafiki yake mlaghai..." kaka alianza.

"Usimjibie! Aseme mwenyewe."

Mume alitazama viatu vyake. "Nilikuwa kijana," alisema.

Kaka alimgeukia taratibu. "Kwa hiyo uliuza wewe? Na mimi njia nzima nakutetea?"

Wakati huo binti aliingia kutoka kazini. Baba yake, akitafuta pa kushika, alimkumbatia kwa macho. "Mwanangu, asante kwa ile filamu. Umenirudishia heshima yangu."

Binti alirudi nyuma hatua moja. "Si yangu," alisema. "Yangu ni kitabu, na kwenye kitabu wewe ndiye uliyeuza. Tokeni."

Wakatoka, kaka mbele, bila kumsubiri mwenzake.

Kesho yake binti alikwenda kwenye ofisi za watu wa filamu kudai jina lake liondolewe. Walimzungusha, wakambembeleza, wakamwambia hajui biashara. Hakuchoka. Alirudi, akarudi tena, hadi walipolifuta kwa shingo upande. Filamu yenyewe hawakuigusa. Magoti yalibaki, na makofi yakabaki.

Aliporudi na habari hiyo, Mama Mikate alimsikiliza bila kumtazama.

"Wameondoa jina tu?"

"Jina tu, Mama."

"Washenzi." Akasogea kidogo kwenye meza. "Nawa mikono uje ukande. Huu unga peke yangu siuwezi."

Hadi leo wapo wanaomsimamisha barabarani kumuuliza mume hajambo. Huwa anawajibu, na majibu yake hayaandikiki.