Nilifuta Kitabu cha Baba Mkwe Nikijifanya Mtaalamu

Jamani, kosa ni langu peke yangu. Si la kompyuta, si la umeme, wala msimsingizie shetani.

Chanzo ni posa. Mshenga wangu alipofika ukweni kule Zombo alitaka kunipamba, akawaambia, "Kijana wetu ni mtaalamu wa kompyuta." Mimi nauza spea za pikipiki hapa Mabwerebwere! Lakini mke nilimtaka, nikanyamaza. Miaka sita nimekula ubwabwa wa ukweni kwa cheo hicho.

Juzijuzi tukaenda kuwasalimia. Nikatoa shikamoo, baba mkwe akaitikia marahaba, kisha akanisogezea laptopu yake. Ni mwalimu mstaafu. "Inachukua nusu saa kuwaka, mwanangu. Wewe ndiye mtaalamu."

Mke wangu akanivuta pembeni. "Si umwambie tu hujui!"

Nimwambie? Nife kwa aibu?

Nikasoma harakaharaka kwenye simu. Kumbe kompyuta ina dawa zake humo humo ndani! Kuna ya kuirudisha ilivyokuwa wiki iliyopita, mafaili haiyagusi. Na kuna kubwa zaidi, ya kuirudisha kama ilivyotoka dukani. Mimi na kupenda sifa, nikachagua kubwa.

Maskini kompyuta ya watu, ikaniuliza kistaarabu: nibakishe mafaili, au niondoe kila kitu?

Sasa baba mkwe utamuulizaje ameweka nini humo? Mkwe humuulizi hata kilichomo kwenye kapu lake! Mzee mwenyewe akachungulia. "Inauliza nini?"

"Haiulizi kitu, baba. Inasalimia tu."

Nikabonyeza kila kitu. Ikauliza tena kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo!

Baada ya saa mbili hivi ikawaka, nyepesi, kama mpya. Mzee akaniita mwanaume wa shoka. Mama mkwe akaagiza jogoo akamatwe. Ndipo mzee akavaa miwani, akatafuta, akatafuta tena. "Kitabu changu kiko wapi?"

Uwiii! Miaka minne alikuwa akichapa historia ya ukoo wao kwa kidole kimoja, ije isomwe kwenye kikao cha ukoo. Nakala nyingine hakuna. Jogoo alishachinjwa, na wallahi nilimla nikiwa nimeinamia sahani.

Nikaikimbiza laptopu kwa fundi wa kweli Kilosa mjini. Akahangaika nayo, akanirudishia. "Kaka, mfumo umefanya kazi vizuri sana. Umeambiwa uondoe, umeondoa. Ungebonyeza ile ya kwanza, kitabu kingebaki."

Nikarudi Zombo, nikamweleza mzee ukweli wote. Hakunigombeza. Afadhali angenichapa! Alisema tu, "Kichwani kipo. Mimi nitasema, wewe utaandika."

Sasa kila Jumamosi nafunga duka nakwenda Zombo. Juma lililopita tulifika sura ya wakwe. Mzee akafumba macho, akanitajia polepole: "Binti yangu wa pili aliolewa na kijana mwongo, ila anachapa vizuri."

Nikaandika. Nifanyeje? Akaniamuru nisome kwa sauti, nikasoma, na mama mkwe jikoni akacheka mpaka akaangusha mwiko.

Ndugu zangu, toeni nakala! Kompyuta ikikuuliza, nawe muulize mwenye mali kabla ya kubonyeza. Na kama hujui, sema hujui. Aibu yake ni ya dakika moja. Yangu mimi itasomwa mbele ya ukoo mzima, wajukuu wakipiga makofi.