Safari ya Ahmedabad Niliyoikubali

Mimi kumwambia mtu mzima "hapana" sijui. Nimelelewa hivyo. Mama wa watu akisema kesho mtaenda mwezini, unaitikia "Mungu akipenda", yanaisha. Yule bibi wa Kings Heath, Mhindi aliyezaliwa Ahmedabad, akaolewa Kisumu, akazeekea hapa Birmingham, yeye hayakumwishia. Alichukua kalamu akaandika kwenye kalenda.

Nilikuwa mlezi wake, kila siku saa mbili asubuhi. Nikimwosha, yeye ananitembeza mji wake wa kale, kwa Kiswahili chake cha dukani. Mgongoni tunaanzia lango la matao matatu, tunaingia sokoni, pale ambapo asubuhi ng'ombe hulishwa majani, mchana masonara hufungua, jioni ni vyakula tu. Nikifika mabegani tuko msikitini, mbele ya dirisha la jiwe lililochongwa likawa matawi ya mti. Aliyeujenga ni Mhabeshi, akaniambia, mtu wa kwenu. Nikamjibu kwetu ni Kakamega, akacheka mpaka beseni likamwagika. Miguuni tunashuka ngazi za kisima kirefu, orofa tano chini ya ardhi, naye ananikanya nisikimbie.

Mwanawe alipokubali kumpeleka akauone mji huo mara ya mwisho, bibi akasema haendi bila mimi. Kuoshwa na mtu mwingine hataki. Nikasema sawa, Mama, tutaenda.

Kumbe nimejifunga mwenyewe. Maombi yangu ya kuongeza viza yalikuwa hayajajibiwa, na nikitoka nchi hii hata siku moja yanafutwa. Kazi kwisha, chumba changu cha Tyseley kwisha. Nilijua haya yote siku niliyoitikia! Wiki tatu nikamsaidia kuchagua sari za safari, moyoni nawaka, sijui nimkasirikie nani: ofisi ya viza, yeye, au mdomo wangu.

Njia ya mwongo ni fupi. Mwanawe akaniomba pasipoti akate tiketi. Asubuhi iliyofuata nikamwambia bibi ukweli, nikimfuta vidole vya miguu ili nisimtazame usoni.

Akautoa mguu mikononi mwangu.

"Ungesema siku ile ile," akasema.

"Niliona vibaya kukukatalia, Mama."

"Na mimi nimeshaaga watu wote."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akasema basi, haendi tena, na miguu yake haitangoja mwaka mwingine. Kisha akaniuliza kama mama yangu mzazi anajua kwamba siwezi kutoka. Nikasema anajua. Akaomba taulo.

Kituoni, nikingoja basi la Tyseley, niliapa uwongo wa heshima sitausema tena maishani. Na simu ikalia hapo hapo, mama kutoka nyumbani. Tukaongea mvua, tukaongea goti lake linalomsumbua. Halafu akauliza kama Krismasi nitakuja, maana ya mwaka jana nilisema nakuja, na ya mwaka juzi pia.

Nilifungua mdomo nimwambie. Wallahi, nilifungua.

"Mungu akipenda, mama," nikasema.

Nikamsikia akimwambia mtu pembeni yake waanze kupaka rangi chumba changu.